Mashine ya mtetemo, fimbo ya kutikisa au mkeka mtupu: kipi kitakukazia kiwiliwili?

Tangazo lenyewe umeshaliona. Mtu amesimama juu ya kijukwaa kinachotetema, mashavu yanacheza, na maandishi yanaahidi tumbo bapa kwa dakika kumi kwa siku. Vijukwaa hivi vimeingia kwenye jimu, na vya nyumbani vinauzwa mtandaoni kila kona. Kama unafikiria kununua kimoja, au kulipia jimu kwa sababu inacho, nimekuwekea hapa ulinganisho wa njia tatu za kukaza misuli ya kiwiliwili: jukwaa la mtetemo, fimbo ndefu ya kutikisa kwa mikono, na mkeka. Mkanda wa tumbo nitaugusa kwa sababu watu wanauulizia.

Jibu langu natanguliza. Kwa watu wengi mkeka unaongoza, fimbo inafuata, jukwaa linakuja la tatu. Kwa wachache, hasa wazee na wenye miguu dhaifu, jukwaa linaweza kupanda hadi la kwanza. Sababu zake zinahitaji maelezo kidogo.

Tunakaza nini hasa?

Misuli ya kiwiliwili si ile inayojigawa vipande sita kwa wacheza filamu. Hiyo ni ya mbele tu. Pembeni kuna misuli ya mshazari, na chini yake msuli mpana uliolizunguka tumbo. Mgongoni kuna misuli mifupi inayoshikilia pingili kwa pingili. Juu kuna kiwambo, kile unachopumulia, na chini sakafu ya nyonga, ambayo akina mama waliojifungua wanaijua vizuri kuliko sisi wengine.

Kazi kubwa ya kundi hili ni kuzuia, si kusogeza. Unaponyanyua ndoo kwa mkono mmoja, misuli hii inazuia mgongo usipinde kuelekea kwenye ndoo. Mwaka 1996 watafiti Paul Hodges na Carolyn Richardson, wa Australia, walionyesha kuwa mtu mzima wa afya akiinua mkono, ule msuli mpana wa ndani ya tumbo unaanza kufanya kazi kabla mkono haujaondoka. Kwa wenye maumivu sugu ya mgongo wa chini, msuli huo ulichelewa. Kwa hiyo chombo kizuri cha kiwiliwili ni kile kinachoifundisha misuli hii kushika kwa wakati na kudumu katika kushika. Kipimo hicho ndicho ninachokitumia kwa vyote vitatu.

Mtetemo unaufanyia nini msuli

Ukitetemesha msuli au kano yake, vihisio vilivyo ndani ya msuli vinadhani unavutwa, navyo vinaamuru ujikaze. Kwa lugha ya maabara huu ni mwitiko wa kujikaza kwa mtetemo, na Karl-Erik Hagbarth na Göran Eklund wa Sweden waliueleza mwaka 1966. Baadaye Vladimir Nazarov, katika Umoja wa Kisovieti, alitumia mtetemo kwa wanamichezo. Wajerumani wakaleta mashine ya Galileo miaka ya 1990, na Mholanzi Guus van der Meer akaanzisha Power Plate, kampuni ya majukwaa haya, mwaka 1999. Wazo lenyewe ni la kale zaidi: Dk. John Harvey Kellogg, yuleyule wa vipande vya mahindi vya asubuhi, alikuwa na viti na majukwaa ya kutetemesha wagonjwa katika sanatoria yake ya Battle Creek, Michigan. Mtu asikuambie basi kwamba hii ni teknolojia ya juzi.

Majukwaa yenyewe ni ya namna mbili. Moja linapanda na kushuka lote kwa pamoja. Jingine lina mhimili katikati, upande wa kulia ukipanda wa kushoto unashuka, kwa hiyo nyonga zinayumba huku na huku. Kwa kiwiliwili ninaipendelea hii ya pili, kwa sababu nyonga zikiyumba misuli ya pembeni na ya mgongo inalazimika kuzituliza, tena mtetemo unaofika kichwani huwa mdogo.

Ukali wa mashine unategemea mambo mawili: mitetemo mingapi kwa sekunde, yaani hezi, na jukwaa linasogea milimita ngapi. Hesabu yake si ya moja kwa moja. Ukiongeza hezi maradufu huku milimita zikibaki palepale, nguvu inayokupiga inakuwa mara nne. Jukwaa linalotetema hezi 30 na kusogea milimita 1 kutoka katikati linafikisha kama mara 3.6 ya mvutano wa dunia. Likisogea milimita 2, linavuka mara 7. Ndiyo maana kitufe kilichoandikwa "kasi 1 hadi 99", kama ilivyo kwa mashine nyingi za nyumbani, hakikuelezi chochote. Muuzaji akishindwa kukutajia hezi na milimita, anakuuzia taa na mlio.

Miguu inaumeza mtetemo

Hapa ndipo jukwaa linapojikwaa kama chombo cha kiwiliwili, na sijaona tangazo linalolisema. Unasimama kwa miguu. Mtetemo unaingia kwenye nyayo, unapanda vifundo, magoti, nyonga, na kila kiungo kinapunguza kiasi chake. Hadi ufike tumboni umeshapungua sana. Vigimbi na mapaja ndivyo vinavyopata zoezi kamili.

Unaweza kunyoosha magoti ili mtetemo upande zaidi, lakini hapo utavuka kiwiliwili na kwenda kichwani. Andrew Abercromby na wenzake nchini Marekani walipima jambo hili na kuchapisha matokeo mwaka 2007: magoti yakikunjwa kidogo tu, kichwa kilitikiswa zaidi; yalipokunjwa nyuzi 26 hadi 30, mtikiso wa kichwa ulipungua. Jukwaa la kupanda na kushuka lilikitikisa kichwa kuliko lile la mhimili. Ubongo na macho havihitaji zoezi hili. Kwa hiyo mkao ulio salama ndio huohuo unaoupunguzia tumbo mtetemo, na hakuna namna ya kuukwepa mgongano huo ukiwa umesimama.

Wengine wanalala kifudifudi na kuweka viwiko juu ya jukwaa, wakafanya plenki, yaani kuushikilia mwili ukiwa umenyooka juu ya viwiko na vidole vya miguu. Kiwiliwili kinafanya kazi, sikatai, ila plenki ingekifanyisha kazi hata sakafuni. Mtetemo unaingia mabegani kwanza, na kichwa sasa kimekaribia chanzo kuliko ulipokuwa umesimama. Kama utajaribu, weka hezi za chini, usikaze shingo, na meno yasigusane.

Kukaa juu ya jukwaa ndiko nisikokupenda kabisa. Ukikaa, miguu haipo tena kupunguza chochote, na uti wa mgongo wa mtu aliyeketi huitikia zaidi mitetemo ya taratibu, kama hezi 4 hadi 6. Mashine nyingi ndogo za nyumbani hukaribia kiwango hicho kwenye kasi ya chini, ile ambayo mtu mgeni anaiona ndiyo ya upole. Waulize madereva wa malori na wa matrekta. Umoja wa Ulaya umeweka kwa maagizo ya mwaka 2002 kikomo cha mtetemo ambao mfanyakazi anaruhusiwa kupata kwa siku, kwa kuwa kutikiswa miaka mingi kwenye kiti kunaendana na maumivu ya mgongo. Mtikiso peke yake ungekuwa unajenga kiwiliwili, dereva wa lori la Tunduma angekuwa na mgongo wa chuma.

Ushahidi unasemaje

Kwa miguu, ushahidi upo. Mwaka 2003 Christophe Delecluse na wenzake wa Leuven, Ubelgiji, waliwafuatilia wanawake vijana ambao hawakuwa na mazoea ya mazoezi. Baada ya wiki 12, waliofanya mikao ya kuchuchumaa juu ya jukwaa la hezi 35 hadi 40 waliongeza nguvu ya kunyoosha goti kwa asilimia 16.6, waliotumia mashine za uzito waliongeza asilimia 14.4. Kundi la tatu lilifanya mikao ileile juu ya jukwaa lililotetema kidogo mno, na halikupata ongezeko la maana. Basi mtetemo ulikuwa na mchango wake. Kumbuka tu kwamba kilichopimwa ni goti.

Utafiti unaotuhusu zaidi ni wa Jörn Rittweger na wenzake wa Berlin, uliotoka mwaka 2002. Wagonjwa 60 wa maumivu sugu ya mgongo wa chini waligawanywa: wengine walifanya mazoezi ya jukwaa la mtetemo, wengine mazoezi ya kunyoosha mgongo dhidi ya uzito. Maumivu yalipungua kwa makundi yote mawili, takriban sawa. Nguvu ya misuli ya mgongo nayo iliongezeka kote kuwili, lakini kundi la uzito lilipata ongezeko la karibu mara mbili ya lile la mtetemo. Mimi ninausoma hivi: ukitaka maumivu yatulie, jukwaa lina hoja, ukitaka nguvu, fanya zoezi linaloulenga msuli wenyewe.

Wa tatu ni wa Berlin tena. Vijana wa kiume 20 walilazwa kitandani wiki nane ili kuiga hali ya mwanaanga. Nusu yao walifanya mazoezi ya kusukuma dhidi ya ukinzani kwenye kifaa kinachotetema, huku wamelala. Daniel Belavý na wenzake waliripoti mwaka 2008 kwamba waliofanya mazoezi walipungukiwa kidogo na misuli midogo ya mgongo kuliko waliolala tu. Wauzaji wanaupenda sana utafiti huu. Lakini waliolinganishwa ni waliofanya mazoezi na ambao hawakufanya lolote; ni vigumu kusema kipi kilikuwa cha mtetemo na kipi cha kusukuma.

Fimbo: mtetemo unaoutengeneza mwenyewe

Hii wengi wetu hatuijui. Ni fimbo au ubapa mrefu unaonepa, una kishikio katikati na uzito kidogo kwenye ncha. Ya Marekani inaitwa Bodyblade, ilitengenezwa na mtaalamu wa fiziotherapia Bruce Hymanson; ya Ujerumani inaitwa Flexi-Bar na ina urefu wa kama mita 1.5. Unaishika katikati na kuitikisa kwa mwendo mfupi hadi ncha zianze kuchezacheza zenyewe. Inatetema polepole, kama mara 4.5 hadi 5 kwa sekunde, na ukilegea inazima.

Tofauti yake na jukwaa ni mahali mtetemo unapoanzia. Unaanza mkononi, unaingia begani, na kituo kinachofuata ni kiwiliwili. Kila ncha inapokwenda na kurudi, inajaribu kukupindisha, na wewe unakataa. Kukataa huko ndiko kazi tuliyoieleza mwanzo. Tena huhitaji umeme.

Isikudanganye kwa wepesi wake. Janice Moreside, Francisco Vera-García na Stuart McGill waliipima mwaka 2007 na kuona kwamba namna unavyoielekeza na unavyoitikisa kwa upana hubadilisha sana kazi ya misuli na mzigo unaoukandamiza uti wa mgongo. Mtu asiye na ufundi anaitikisa kwa kiwiko na kiwiliwili kinabaki mtazamaji. Anza kwa mikono miwili mbele ya kifua, magoti yamelegea, mtikiso mfupi, sekunde 15 hadi 30, kisha pumzika. Nyonga zikianza kucheza, zoezi limeisha.

Kwetu fimbo hii si rahisi kuipata dukani. Kuna mbadala wa mafundi bomba: bomba la plastiki la kipenyo cha sentimita 10 na urefu wa mita 2, uliloziba ncha zote na kujaza maji nusu. Linabeba kama lita 8, na maji yanakimbilia upande wowote unaolegea. Si mtetemo kwa maana ya fizikia, lakini ulishike mbele ya kifua utembee nalo hatua kumi ndipo tuzungumze. Ziba vizuri, usije ukaogesha sebule.

Mkeka

Mkeka hauna hadithi ndefu, na pengine ndiyo sababu hauuziki kwa matangazo. McGill huyohuyo, profesa mstaafu wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, anajulikana kwa mazoezi matatu. La kwanza: lala chali, goti moja limekunjwa, viganja chini ya kiuno, nyanyua kichwa na mabega kidogo tu bila kuukunja mgongo. La pili ni plenki ya ubavu, kwa kiwiko. La tatu: piga magoti na viganja sakafuni, nyoosha mkono mmoja na mguu wa upande wa pili. Kila mshiko sekunde kama 10: rudia mara sita, kisha pumzika, mara nne, pumzika, mara mbili. Siti-apu za haraka zile za shuleni hazimo, kwa kuwa zinaukunja mgongo chini ya mzigo tena na tena.

Udhaifu wa mkeka ni uchoshi. Watu hawaachi kwa sababu haufanyi kazi. Wanaacha kwa sababu hakuna cha kuwasha. Mtu anayejijua hivyo, na ambaye mashine yenye kitufe itamfanya asimame kila asubuhi, simcheki.

Kwa haraka, pembeni kwa pembeni:

| | Mkeka | Fimbo | Jukwaa |
|---|---|---|---|
| Kiwiliwili kinafikiwaje | moja kwa moja | kupitia mikono na mabega | kupitia miguu, mtetemo ukiwa umepungua |
| Kasi ya mtetemo | hakuna | hezi 4.5 hadi 5 | kwa kawaida hezi 5 hadi 50 |
| Ufundi unaohitajika | wa wastani | mwingi mwanzoni | mdogo, ila mkao lazima |
| Umeme | hapana | hapana | ndiyo |
| Linapong'aa | nguvu na ustahimilivu | kushika kwa wakati, mabega | miguu dhaifu, wanaoshindwa kulala sakafuni |

Na mkanda je?

Mkanda unaotikisa nyama za tumbo hautoi mafuta na haukazi msuli kwa kiwango cha kuzungumzia. Usiuchanganye na mkanda wa umeme, unaotuma mkondo mdogo na kuubana msuli kweli. Huo wa umeme ulipimwa na John Porcari na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, La Crosse, mwaka 2005: baada ya wiki nane nguvu ya tumbo ilipanda, lakini uzito wa mwili na mafuta chini ya ngozi havikubadilika. Miaka mitatu kabla yake, tume ya biashara ya Marekani iliwashtaki wauzaji wa mikanda ya AbTronic, AB Energizer na Fast Abs kwa kuahidi wanunuzi vitambi kuisha bila jasho. Kitambi ni habari ya chakula na mwendo. Chombo chochote hapo juu kitakaza kilicho chini ya kitambi, na kitambi chenyewe kitabaki palepale.

Nani achague nini

Kijana au mtu wa makamo anayekaa ofisini, mgongo unamchosha jioni, hana ugonjwa unaojulikana: mkeka, mara tatu au nne kwa wiki. Akiuzoea, aongeze fimbo au bomba. Mwogeleaji, mcheza kikapu, yeyote anayetumia mabega: fimbo mapema zaidi.

Mama aliyejifungua asikimbilie jukwaa, hata kama tangazo lina picha ya mama na kichanga. Sakafu ya nyonga na msuli wa mbele uliotanuka vinahitaji kukaguliwa kwanza. Idara za fiziotherapia katika hospitali za rufaa zinaifanya kazi hiyo, na zoezi la kwanza mara nyingi ni kupumua tu.

Mzee ambaye kushuka sakafuni ni mtihani na kuinuka ni mtihani mkubwa zaidi, kwake jukwaa lina maana. Liwe la mhimili, lenye mahali pa kushika, hezi za chini, magoti yamekunjwa, mafungu ya sekunde 30 hadi dakika moja, na mtu awepo pembeni. Kiwiliwili chake kitafaidika kwa kujisawazisha, na miguu itafaidika zaidi, ambayo kwa umri huo ndiyo inayomzuia asianguke.

Wafuatao wasipande jukwaani bila daktari kuruhusu: wajawazito, wenye kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo, waliowahi kuganda damu kwenye mishipa hivi karibuni, wenye kifafa, mawe ya figo au ya nyongo, matatizo ya retina, diski ya uti wa mgongo iliyotoka kwa sasa, mfupa uliovunjika karibuni, kidonda cha upasuaji kisichopona au kiungo bandia. Orodha ndefu hiyo yenyewe ni hoja ya kuanza na mkeka.

Ukishaamua kununua jukwaa, panda juu yake dukani kabla ya kulipa. Mashine dhaifu hupunguza mwendo mtu mzito anapopanda, kwa hiyo mpeleke mzito wenu. Soma bati la nyuma: za mtumba kutoka Marekani ni za volti 110 hadi 120, na ukichomeka moja kwa moja kwenye soketi yetu ya volti 230 utakuwa umenunua kigoda. Angalia mipira ya chini, maana ikiwa imeisha mtetemo unakwenda sakafuni na kwa jirani wa ghorofa ya chini badala ya kukufikia wewe. Na uliza vipuri vyake vinapatikana wapi.